Ndege Iliyojengewa Ukuta

Lori la Lambert, mjomba wa Adrien, liliposimama mbele ya kiwanja cha muzee Théodore, mtaani Mudzipela, binti yake Alphonsine alikuwa anaosha vikombe. Hakuinua kichwa. Aliisikia milango ya lori ikifunguliwa, akasikia sauti ya Mama Anastasie ikitoa amri kama kawaida yake, halafu akasikia hatua za Adrien. Angezijua hatua hizo hata katikati ya soko kuu. Alisuuza kikombe cha mwisho, akakiinamisha juu ya meza, akajifuta mikono taratibu. Siku hii alikuwa ameingoja kwa muda mrefu, na hakutaka kuiharibu kwa haraka.

Walikuja kuchukua ndege.

Bunia nzima iliijua ndege ile. Ilifika vipande vipande, ndani ya masanduku ya mbao yaliyopita mpakani Aru kwa barabara mbovu, na Mama Anastasie, tajiri wa vitenge, ndiye aliyemnunulia Adrien, mwanawe wa pekee. Lakini mahali pa kuiunganisha hapakuwepo isipokuwa kwa muzee Théodore, aliyetengeneza ndege za watu maisha yake yote kabla ya kustaafu, na aliyekuwa na karakana pana, atelye kama walivyoiita, nyuma ya nyumba. Muzee alielekeza. Adrien na Alphonsine walifanya kazi.

Mabati ya ndege hushikwa kwa ribiti, misumari mifupi ya kupondwa pande zote mbili, na ribiti za namna ile haziwezi kupigwa na mtu mmoja. Mmoja hukaa nje na mashine ya kupigia, mwingine huingia ndani na kushikilia kipande cha chuma upande wa pili. Alphonsine alikuwa mwembamba, basi yeye ndiye aliyeingia. Alasiri zote, akitoka kufundisha hesabu shuleni, alivua viatu na kutambaa ndani ya kiwiliwili cha ndege, akalala chali gizani, na Adrien akamwuliza kutoka nje, "Uko?" Naye akajibu, "Niko." Ndipo Adrien alipopiga. Kwa kuulizana na kujibiana hivyo, bila kuonana nyuso, walianza kuambiana mambo ambayo watu wawili waliokaa kwenye viti wangeona haya kuyasema. Alphonsine alimwambia habari za ndoa yake ya kwanza, na jinsi mume yule alivyomrudisha kwa baba yake kwa sababu hakupata mtoto. Adrien akasema kutoka nje ya bati kwamba yeye hamtaki mtoto ambaye hajamwona, anamtaka yeye Alphonsine ambaye anamsikia. Siku hiyo hawakupiga ribiti nyingine hata moja.

Mambo yale yalikwisha mchana mmoja, sebuleni kwa Mama Anastasie, juu ya makochi yenye vitambaa vyeupe vya kufuma. Mama alisema kwa upole, akimpakulia Alphonsine wali kwa mkono wake mwenyewe.

"Sina kitu mubaya juu yako, mutoto yangu. Lakini Adrien ni moja tu, na miye nataka bajukuu. Weye mwenyewe ni mwanamuke, unaweza kunielewa."

Alphonsine alimgeukia Adrien. Adrien alikuwa anatazama sahani yake. Aliitazama mpaka wali ukapoa. Muda mfupi baadaye mji mzima ukasikia kwamba Adrien anamwoa Angèle, binti wa familia inayouza samaki Kasenyi, kando ya ziwa. Wakasikia pia kwamba siku ya harusi, baada ya Pasaka, bwana na bibi arusi watapita juu ya kanisa ndani ya ndege yao wenyewe, Adrien akiiendesha.

Jambo la kuachwa Alphonsine angeweza kulimeza. La ndege lilimkwama kooni. Alimwomba baba yake ruhusa, akaita mafundi, na mlango mkubwa wa karakana ukaondolewa. Pale palipokuwa wazi kwa upana wa nyumba pakajengwa ukuta wa matofali ya kuchoma kutoka chini hadi juu, na katikati ukaachwa mlango mmoja wa kupita mtu.

Mlango huo ndio aliokuwa anautazama Mama Anastasie sasa, mkoba mkononi, midomo imekazwa.

"Nani alijenga hii?"

"Miye," Alphonsine alisema.

"Juu ya nini? Sababu gani?"

"Atelye ni ya baba. Tulitaka mulango mudogo."

Mjomba Lambert, mtu mnene mwenye huruma, alizunguka karakana nzima akitafuta njia nyingine, akarudi akitikisa kichwa. Mabawa yangetoka, kwa kuwa yalikuwa bado hayajafungwa. Mkia nao ungetoka. Lakini kiwiliwili, pale penye viti viwili, kilikuwa kipana kuliko mlango, hata ukikilaza ubavu. Mama Anastasie aliamuru vijana wa lori walete nyundo wavunje ukuta. Muzee Théodore, aliyekuwa ameketi kivulini na redio yake, aliipunguza sauti na kusema kwamba ukuta ni wake, umesimama juu ya ardhi yake, na yeyote atakayegusa tofali moja atakwenda kujieleza kwa chifu wa mtaa mbele ya majirani wote hawa waliokwisha kujaa uzioni. Vijana wakarudisha nyundo garini.

"Ndeke ni yenu," Alphonsine alisema. "Hakuna mutu anakatala. Mutaitosha inje vipande vipande, sawa vile ilifika. Lakini Adrien peke yake njo atakamata vyombo. Mwengine asiiguse."

Kwa mara ya kwanza tangu ule mchana wa wali, Adrien alimtazama usoni. Alikuwa amekonda. Macho yake yalikuwa yaleyale, ya mtu anayeomba kusamehewa kabla hajakosa, na Alphonsine alijikuta amemsogelea hatua moja kama zamani. Alijichukia kwa hilo, na chuki ile ikampa nguvu.

"Sawa," Adrien alisema.

Basi akawa anakuja kila alasiri. Alphonsine aliweka kiti chake ndani ya karakana, akasahihisha madaftari ya wanafunzi wake huku akimsikiliza. Kuondoa ribiti ni kazi ngumu kuliko kuipiga. Unatoboa kichwa chake taratibu, katikati kabisa, kisha unaisukuma itoke bila kulipanua tundu. Ribiti zilidondoka sakafuni moja moja, na kila iliposikika ikidondoka Alphonsine alijiambia, hii ni ile tuliyopiga siku umeme ulipokatika, ile ni ya siku ya mvua ya mawe. Alitaka kila moja imwume Adrien. Alipomwona akisita kabla ya kutoboa, alifurahi. Usiku alipokumbuka furaha ile hakuionea aibu.

Siku moja Adrien, akiwa amempa mgongo, alisema kwamba hana usingizi.

"Sikukuuliza," Alphonsine alimjibu.

Akasema Angèle ni msichana mwema, hana kosa, ila hawana la kuzungumza. Alphonsine akageuza ukurasa. Akasema mama yake ana ugonjwa wa presha, na daktari alikataza asiudhiwe. Alphonsine aliweka kalamu chini.

"Miye pia niko na moyo, Adrien. Daktari yangu alikuwa weye."

Adrien aliwasha mashine ya kutobolea, akainamia boriti nene inayopita chini ya viti, inayoyashika mabawa yote mawili. Alikuwa amelia au alikuwa anakaribia kulia, Alphonsine hakuweza kujua. Mashine iliteleza. Mlio wake ulibadilika ghafla, ukawa wa chuma kinacholiwa. Adrien aliizima, akabaki ameinama. Kutoka pale alipokaa Alphonsine aliliona tundu. Lilikuwa limekwenda upande, limepanuka kama jicho, na limekaribia mno tundu lililo jirani. Adrien alilifunika kwa kidole gumba. Kisha akageuka polepole kuona kama Alphonsine ameona.

Alphonsine alikuwa ameinamisha kichwa juu ya madaftari.

Alijua maana yake. Baba yake alikuwa amewaonya mara nyingi kwamba boriti ile haina msamaha. Ikitobolewa vibaya inatupwa, inaagizwa nyingine. Alingoja Adrien aseme. Adrien alifunga vyombo vyake, akaaga, akaenda. Kesho yake akaendelea na kazi upande mwingine, akasema tu kwamba wamepata mafundi wa kuunganisha kila kitu haraka kwenye depo, ghala la mjomba Lambert, na kwamba Pasaka imekaribia.

Alphonsine alinyamaza. Huo ndio ukweli, na alinyamaza akijua. Alijiambia kwamba si yeye aliyeshika mashine, si yeye aliyeteleza. Yeye alijenga ukuta tu. Akamwona Mama Anastasie amesimama mbele ya kanisa na kitenge kipya, amenyoosha kidole juu, anawaonyesha wageni, na wageni wanatazama. Picha hiyo ilimjia akiwa anaandika ubaoni, ikamjia akiwa anachota maji. Hakuifukuza. Tena, Mungu amsamehe, aliitazama mpaka mwisho.

Jumamosi iliyofuata, alasiri, mtu alibisha hodi kwenye mlango ule mdogo. Alikuwa msichana mwenye blauzi ya manjano, amesuka nywele nyembamba, amebeba kifurushi cha samaki wakavu kilichofungwa vizuri kwa majani. Alimkabidhi Alphonsine kwa mikono miwili.

"Yaya, dada yangu, miye naitwa Angèle. Hizi ni za muzee. Samahani nakuya bila kuitwa. Nilitaka kuiona ndeke mbele ya kuipanda."

Adrien aliruka kutoka chini ya bati, mikono imejaa mafuta, hajui amwangalie nani. Alphonsine alishika kifurushi kile. Kwa miezi yote hiyo alikuwa amemchukia msichana huyu bila sura. Sasa alikuwa na sura, na juu ya mdomo palikuwa na kovu dogo, na alikuwa anaigusa ndege kwa ncha za vidole kama mtu anayegusa ng'ombe mgeni.

Angèle aliuliza maswali mengi. Aliuliza mlango wa ndege utakuwa wapi, na kama ni kweli ziwa huonekana lote ukiwa juu. Alisema hajawahi kupanda chochote kinachoruka, anaogopa, lakini mama mkwe amekwisha kuwaambia watu wote, na babu yake atakuja kutoka Kasenyi aone. Kisha akauliza kiti chake kitakuwa kipi. Adrien alikohoa, akaonyesha.

Kilikuwa kile cha kushoto. Boriti ilipita chini yake, na tundu lile lilikuwa pale.

Alphonsine alikuwa ameiona ndege ile ikianguka mara nyingi kichwani mwake, na kila mara ndani alikuwemo Adrien peke yake.

"Usipande hii ndeke," alisema.

Angèle aligeuka. "Yaya?"

"Boriti yenye kushika mabawa iliharibika. Ilitobolewa mubaya, hapa hapa, mbele ya macho yangu. Ikifungwa vile iko, itavunjikia juu."

Uso wa msichana ulibadilika kidogo. Alisema, bila ukali, kwamba anaelewa. Alisema ameambiwa habari zao, na kwamba angekuwa yeye, pengine angesema hivyohivyo ili harusi isifane. Alphonsine hakubisha. Alikunja kitambaa kilichokuwa kimetupwa juu ya boriti, tundu likabaki wazi kati yao watatu.

"Usiniamini miye," alisema. "Muulize yeye."

Angèle alimwuliza Adrien kama ni kweli. Adrien akaanza kueleza kwamba mafundi wataweka bulon, bolti kubwa zaidi za kukazia, kwamba ndege hujengwa na nafasi ya makosa, kwamba watu hukuza mambo.

"Sikuuliza bulon," Angèle alisema. "Niliuliza kama ni kweli."

Karakana ilikuwa na joto la mabati. Nje, redio ya muzee ilikuwa inasoma matangazo ya vifo.

"Ni kweli."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ungenipandisha?"

Adrien alijifuta mikono kwenye suruali, ikazidi kuchafuka. "Mama alishaambia batu bote," alisema. "Ningemwambia nini?"

Angèle hakuonekana na hasira. Alionekana kama mtu aliyefika nyumba ambayo si ile aliyoelekezwa. Alirekebisha kanga begani, akamwambia Alphonsine kwamba samaki wale waloweshwe kwanza, kwa kuwa wana chumvi nyingi. Kwenye mlango alisimama.

"Asante, yaya," alisema, na akaenda zake, na wale wawili waliobaki walijua kwamba hatarudi.

Alphonsine alikaa kwenye kiti chake. Alichokitaka kilikuwa kimefika. Harusi imekufa. Mama Anastasie atapita sokoni na watu watanong'ona nyuma yake kama walivyonong'ona nyuma ya Alphonsine. Alitarajia kwamba ushindi ungekuwa na kelele, lakini ulikuwa kimya na ulikuwa mtamu, na aliuonja wote.

Adrien alipiga magoti mbele ya kiti. Hakuwahi kufanya hivyo zamani, hata siku alizoapa. Alimshika mikono yote miwili, mafuta yakawapaka wote.

"Umefurahi?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Sawa. Ninastahili. Nipige tena ukitaka. Lakini unajua, Alpho, unajua tangu siku ya kwanza nilikuya hapa na lori, sikukuya juu ya ndeke. Nilifungua ribiti moja nikifikiri, hii njo ya mwisho, nitaacha, nitamwambia. Kila siku nilifikiri vile."

Sauti yake ilikuwa ile ya nje ya bati. Alphonsine alifumba macho. Mwili wake ulimjua mtu huyu, ulijua uzito wa kichwa chake na harufu ya sabuni yake chini ya mafuta, na kisasi chote alichokirundika kilianza kulegea kama barafu ya soda juani. Adrien alisema atamwoa. Akasema watoto Mungu akitaka, asipotaka basi. Akasema mama atalia, kisha atazoea. Alisema yote aliyopaswa kuyasema mchana ule mezani, na aliyasema vizuri, na alikuwa anayaamini.

Ndipo simu yake ikalia.

Ilikuwa juu ya boriti, kioo juu, na jina la mama yake likawaka. Adrien alinyoosha mkono aizime.

"Usizime," Alphonsine alisema. "Ipokee. Tia sauti, nisikie. Mwambie neno moja tu, sitakuomba lingine maisha yangu yote. Mwambie apana."

Adrien aliipokea. Sauti ya Mama Anastasie ikajaa karakanani. Wakwe wamekwisha kumpigia, alisema, msichana amepiga simu kwao akilia barabarani, aibu gani hii. Lambert anawasha gari sasa hivi. Waende wote Kasenyi leo hii, wapige magoti, waombe radhi kabla giza halijaingia.

"Na utasema ule mwanamuke alidanganya," mama alisema. "Utasema ndeke ni nzima, ni wivu yake ilimusukuma. Unanisikia, Adrien?"

Adrien alikuwa bado amepiga magoti. Mkono wake mmoja ulikuwa ndani ya mikono ya Alphonsine. Alimtazama, na Alphonsine alimtazama, na aliuona ulimi wake ukilitafuta neno. Alimwona kabisa akilitafuta. Alimwinamia kidogo, kama vile angeweza kumsaidia kulitamka.

"Adrien?" mama aliita tena kwenye simu.

"Ndiyo, mama," Adrien alisema.

Alphonsine aliachia mkono wake. Hakuutupa, aliuweka juu ya goti la mwenyewe, kwa utaratibu. Adrien alianza kusema kwamba ni ya leo tu, kwa ajili ya presha, kwamba kesho atamweleza mama vizuri. Alphonsine alikuwa amekwisha kusimama. Alimwambia ajifute uso, kwa sababu hawezi kufika kwa wakwe na mafuta kwenye shavu. Alimpa kitambaa. Kisha akamfungulia mlango, akasimama kando ampishe, kama anavyofanyiwa mgeni.

Muzee Théodore alikuwa amesikia yote. Alikuwa ameweka mezani ugali wa fufu na mboga ya lengalenga, akamtazama binti yake akinawa, akiketi, akikata tonge la kwanza. Alphonsine alikula mpaka sahani ikaonyesha maua yaliyochorwa chini. Kisha akainua uso na kumwuliza baba yake kama chakula kimebaki, na muzee akamsogezea sahani yake mwenyewe.